Mtoto Aliyesifiwa kwa Utulivu

Gesima, usiku wa kuamkia safari yenu

Mwanangu Mogaka,

Kosa wanalolifanya watu wengi wakiwa na mtoto mchanga ni kungoja alie. Wanadhani ugonjwa lazima upige kelele. Mtoto akilia, nyumba nzima inaamka, jirani anaitwa, maji yanatiwa motoni. Akinyamaza, watu wanashukuru Mungu na kurudi kulala. Nami nilishukuru hivyo hivyo, nikarudi kulala, na ndiyo sababu una ndugu aliyelazwa kule chini kwenye migomba ambaye mimi na wewe hatujapata kumzungumzia hata mara moja.

Mambo ya blanketi, sufuria na mafuta ya taa mama yako amekwisha kukuambia, na najua atakuambia tena asubuhi. Mambo ya shule sikufundishi. Wewe ni mwalimu sasa, na watoto wa huko Lolgorien mnakohamia watakufundisha yale ambayo chuo hakikukufundisha. Mimi nina jambo moja tu, nalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo tangu mkeo Kwamboka alipojifungua. Unajua kwa nini. Sisi tuna neno letu, chinsoni, ambalo ukiambiwa ulitafsiri darasani utaandika "heshima" ubaoni, kisha ufute uandike "aibu", kisha usijue lipi uliache. Kwa chinsoni siingii nyumbani mwako. Kwa chinsoni mjukuu wangu nimemwona tu anapoletwa nje kuota jua, na sijauliza lolote kuhusu kuzaliwa kwake. Baba hamtajii mwanawe titi la mke wake. Leo nitalitaja. Ukiona haya unaposoma, jua kwamba aliyeandika aliona haya zaidi, akaendelea.

Ulikuwa na miaka kama tisa au kumi alipozaliwa Nyakundi. Ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru, msimu wa mvua, tulipokuwa ndiyo kwanza tumepanda chai kwenye mteremko wa chini. Alizaliwa hapa nyumbani, akalia vizuri, akanyonya kwa pupa. Siku za kwanza hakuna aliyekuwa na wasiwasi naye. Kisha akatulia.

Lishike neno hilo, akatulia, maana ndilo lililonipumbaza. Wanawake wa huku kwetu walikuja na uji na ndizi kumpongeza mama yako. Wakapokezana mtoto, wakamgeuza huku na huku, naye macho amefumba, mikono imelegea.

"Huyu ni mtoto wa mwalimu kweli," mmoja akasema. "Kengele imelia, kanyamaza."

"Wangu mimi angekuwa ameshatutoboa masikio," akajibu mwingine. "Mwalimu, huyu ulimchapa akiwa bado tumboni?"

Wakacheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kalamu nyekundu mfukoni, nikacheka kuliko wote. Nilijiona kama mtu aliyepewa cheti.

Mama yako hakucheka. Walipoondoka akaniambia, "Baba Mogaka, mtoto hanyonyi."

"Ananyonya. Si nimemwona asubuhi?"

"Anashika halafu anaachia. Maziwa yamejaa mpaka yananiuma."

"Amelala tu. Mtoto mchanga hulala sana."

"Si kulala huku."

Nikaenda nikamgusa paji la uso. Halikuwa na joto. Nikamgusa nyayo, zilikuwa baridi, nikasema ni hii mvua, mfunike. Kisha nikafanya lile ambalo ninyi watoto wangu hunicheka kwalo: nikaeleza. Nikaeleza kwamba ugonjwa wa hatari huja na homa, na kwamba mtoto ambaye mwili wake haujachemka hana ugonjwa wa kumpeleka mtu hospitali katika matope haya. Nilieleza vizuri sana, jambo baada ya jambo, kama mtu aliye mbele ya ubao. Mama yako alikuwa amesoma mpaka darasa la nne. Aliniangalia mpaka nikamaliza, akanyamaza, nami nikadhani amenielewa.

Kesho yake babu yako alikuja. Akasimama nje karibu na ghala, kama ilivyompasa, kwa kuwa yeye pia hakuingia nyumbani mwangu. Mzee yule alikuwa amezika watoto wachanga katika maisha yake, ingawa hakuwataja. Akaita, "Mwalimu! Huyo mgeni wetu mbona simsikii?"

Nikatoka. Nilikuwa na neno tayari mdomoni: hanyonyi. Nikamtazama baba yangu usoni, neno likarudi tumboni. Kumwambia "hanyonyi" kulikuwa kumtajia matiti ya mke wa mwanawe, na mtu mwenye adabu hafanyi hivyo. Ningeweza kusema, "Anaumwa." Ningeweza kusema, "Ngoja aletwe hapa nje umwone." Nilisema, "Tata, yuko salama. Ni mtulivu tu."

"Mtulivu," akarudia. Akaitazama nyumba. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma." Akashika njia yake.

Hakuwa akinikejeli, mwanangu. Aliniamini. Ingeniuma kidogo tu kama angenikejeli.

Jioni hiyo mtoto akaanza kupumua vingine. Kila alipovuta pumzi, kifua chake kilibonyea ndani chini ya mbavu, na pumzi ikitoka ilikuja na mguno mdogo, kama wa mtu anayejitwika mzigo. Hapo ndipo nilipoanza kukimbia. Nikamwomba mwenye duka Land Rover yake, tukateleza na matope mpaka hospitali ya Kisii, mama yako nyuma na mtoto, mimi mbele nikimweleza dereva njia aliyoijua tangu utotoni.

Daktari aliuliza, "Mara ya mwisho kunyonya vizuri ilikuwa lini?" Alikuwa akinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyevaa tai. Mama yako akajibu kutoka nyuma yangu: "Kabla wageni hawajaja." Wakamdunga sindano, wakampasha joto, wakampitishia maziwa kwa mpira mwembamba puani. Kesho yake, jua likiwa bado halijafika utosini, akafariki.

Daktari hakunigombeza. Alikaa nami kwenye benchi akanieleza, na kwa mara moja katika maisha yangu mimi ndiye niliyekuwa mwanafunzi. Alisema bakteria walikuwa wameingia katika damu. Labda walipitia kitovu, labda mikono iliyomshika, labda aliwapata wakati wa kuzaliwa. Hakuweza kujua, wala nami sijui mpaka leo. Mtu mzima akiingiliwa hivyo mwili wake huchemka, ndiyo homa. Mtoto wa siku chache mwili wake bado haujui kupigana. Huenda akapata homa, na hiyo nayo ni hatari, lakini mara nyingi yeye hupoa. Hulegea. Ukimtekenya nyayo anasogea kidogo, ukimwacha anaacha. Na kabla ya yote hayo huacha kunyonya, kwa sababu kunyonya ndiyo kazi nzito kuliko zote alizonazo, na nguvu zikipungua ndiyo kazi ya kwanza kuachwa.

Nimekuwa nikiyarudia maneno hayo kwa miaka mingi. Mama yako alikuwa ameshika dalili ya kwanza kabisa mkononi, hata kifuani mwake ilikuwa inamuuma, nami nikamsomesha mpaka akaiweka chini.

Lakini kuna aibu nyingine, na hii ni yangu peke yangu.

Unamkumbuka Mama Kerubo, nyumba ya ng'ambo ya kijito? Ulikuwa ukitumwa kwake kuomba moto na kuazima chumvi, kisha ghafla ukakatazwa. Uliuliza sababu, nikakuambia ufanye kazi yako ya shule. Sababu ni hii. Alikuwa miongoni mwa wale wanawake waliokuja na uji, na alimtazama Nyakundi kwa muda mrefu. Baada ya mazishi watu wakaanza kusema ni jicho. Unajua imani hiyo ya kwetu, kwamba kuna watu ambao wakimtazama mtoto mchanga jicho lao hupenya ngozi yake. Wanaume wawili wa ukoo wetu wakanijia shambani. "Mwalimu, si ni yule wa ng'ambo?"

Nilikuwa nimeketi na daktari. Nilijua. Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye."

Neno zuri, la mcha Mungu, hakuna mtu angelilaumu. Lakini walirudi nalo nyumbani kama ushahidi. Tangu siku hiyo wanawake wenye watoto walipomwona Mama Kerubo njiani walivuta kanga juu ya uso wa mtoto. Hata kanisani, siku ya Sabato, benchi lake lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Nami nilikuwa nikisimama mbele kusoma matangazo, nikiiona nafasi hiyo, na sikusema neno, kwa sababu kama halikuwa jicho lake watu wangeuliza ni nini basi, na swali hilo lingekuja kwangu.

Mwaka juzi nilivuka kijito nikaenda kwake. Nilimkuta akianika wimbi. Nikamwambia yote: damu, bakteria, sindano iliyochelewa, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Aliendelea kusawazisha wimbi kwa kiganja. Nilipomaliza akainua uso akatazama njia niliyojia.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Sasa nani amesikia?"

Akaniambia nikae ninywe uji, nami nikanywa. Mpaka leo sijasimama kanisani. Wewe ndiye mtu wa pili kusikia. Usinisifu kwa kukuandikia. Karatasi haina macho.

Moraa alizaliwa miaka michache baadaye. Hadithi yake unaijua nusu, kwa sababu ulikuwepo. Nilirudi kutoka shuleni nikakukuta umekaa kizingitini, jiko limezimika. Ukaniambia, "Mama ameondoka na mtoto. Hakusema kitu." Nikashika barabara ya Nyamira nikienda mbio na viatu vyangu vya kazi. Penye kibanda cha kununulia majani ya chai wanawake walikuwa wamepanga foleni na vikapu vyao.

"Mwalimu! Mke amekukimbia?"

"Amepita hapa kama upepo, hata salamu hakutupa!"

"Rudi umfundishe tena ile hesabu ya ng'ombe wa mahari, labda hakuielewa!"

Niliwaacha wakicheka. Nilikuwa nimevumilia kicheko kibaya zaidi ya hicho.

Nilimkuta mama yako zahanati, Moraa amelala kifuani pake chini ya nguo, ngozi kwa ngozi, kichwa kimefunikwa kitambaa. Ngozi kuzunguka kitovu ilikuwa nyekundu na imevimba, na usaha ulikuwa ukitoka wenye harufu. Asubuhi alikuwa amenyonya kwa uvivu, mchana akakataa kabisa. Mama yako hakungoja dalili ya tatu. Sindano ya kwanza ilikuwa imekwisha kudungwa kabla sijafika, na gari la kutupeleka Kisii lilikuwa linatafutwa. Nikamuuliza, "Mbona hukunitumia mtu shuleni?"

Hakugeuka. "Nilijua utaeleza."

Kule Kisii walimpa dawa za aina mbili, zote za sindano. Moja ilikuwa penisilini. Ya pili jina lake lilinipotea. Nilimuuliza sista kwa nini mbili, akasema bakteria ni wa namna nyingi, na mtoto mchanga hana muda wa kungoja mjue ni yupi. Mnawapiga wote kwa pamoja. Nilipenda maelezo hayo. Moraa akaanza kunyonya tena, macho yakachangamka, akanililia siku moja kwa sauti iliyonifanya nitoke nje nikalie na mimi. Basi nikasema twende nyumbani. Mtoto amepona, chai inakomaa, na wewe uko kwa bibi yako. Sista akasema dawa haijaisha. Nikaanza kumweleza. Mama yako akasema, "Wewe nenda." Akabaki mpaka sindano ya mwisho, kwa kuwa katika ugonjwa huo mtoto huonekana amepona wakati maadui bado wamejificha, na ukiacha katikati hurudi wakiwa wakali. Moraa unamjua. Juzi umemsikia akibishana nami kuhusu bei ya sketi ya shule. Kila anaponijibu kwa ukali mama yako hunitazama, na mimi humwacha aseme.

Nakuandikia haya kwa sababu huko mnakokwenda hakuna Land Rover ya jirani, na hospitali ni mbali. Umbali una maana moja tu: mwanzo wenu lazima uwe mapema kuliko wetu. Msingoje mtoto apumue kwa mguno, au atetemeke mwili na macho kugeuka, au awe wa manjano mpaka viganjani. Mkiyaona hayo mtakimbia, najua, hata mimi nilikimbia. Mimi nakuombea mwondoke saa ile ambayo hakuna cha kuona isipokuwa mtoto mtulivu na mama anayesema maziwa yamejaa. Mtafika, na huenda wakawaambia hana kitu. Mtarudi mmechoka, watu watawacheka njiani. Furahini siku hiyo.

Njiani akae kifuani kwa mama yake kama Moraa alivyokaa, maana mtoto aliyepoa hufa kwa baridi kabla ya ugonjwa. Akiweza kumeza, Kwamboka amkamulie maziwa kidogo kidogo kwenye kijiko. Maji msimpe, wala dawa za majani, hata zikiletwa na mtu anayewapenda. Vidonge vya dukani pia msimpe. Nimewaona walimu wenzangu wakifungua kapsuli za watu wazima na kukisia kipimo kwa ncha ya kisu. Wasomi wale, kama mimi. Na kitovu kiacheni kikavu. Anayetaka kumshika mtoto anawe mikono, hata awe nani, na wewe uwe wa kwanza ukitoka darasani na chaki.

Unaona, nimeanza kueleza tena.

Nitakuambia kilichonifanya niwashe taa hii. Juzi alasiri nilikuwa napita nyuma ya uzio wako nikielekea kwa ng'ombe. Sikukusudia kusikiliza. Kwamboka alikuwa anasema mtoto amelala tangu asubuhi hata kunyonya hataki, naye anaona si kawaida. Nawe ukamjibu kwamba mtoto mchanga hulala sana. Ukamweleza sababu, moja baada ya nyingine, kwa sauti ya upole, bila hasira hata kidogo. Ulieleza vizuri. Nilisimama pale nimeshika kamba ya ng'ombe, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kinywani mwako, na kisha nikasikia jinsi alivyonyamaza.

Chinsoni ilinishika miguu. Sikuweza kupita ule uzio. Nilimtuma mama yako aje kwenu kwa kisingizio cha kuomba ungo, akarudi akaniambia mtoto ameamka na ananyonya vizuri. Mungu ametuhurumia mara hii. Lakini kuanzia kesho hakutakuwa na mama yako wa kutumwa, na Kwamboka ni binti mwenye adabu. Atasema mara moja. Ukimweleza, hatasema mara ya pili.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, mimi baba yako ambaye sina haki ya kukuomba. Asubuhi, kabla hujapakia hata mzigo mmoja, mwambie Kwamboka, mama yako akiwa amesimama hapo anasikia, kwamba siku atakapoona mtoto hanyonyi ambebe aondoke naye, uwepo usiwepo.